Maswali ya Wasomaji: Kuiamuru Konveta ya Setilaiti kwa Waya wa Siriali

Safari hii tumekusanya maswali ya mafundi wanaotunza vituo vya ardhini vya setilaiti. Kwa msomaji asiye wa fani: modemu hutoa mawimbi yake kwenye 70 au 140 MHz, au kwenye bendi ya L inayoanzia 950 MHz, na huko setilaiti haisikilizi. Konveta ya kupandisha huyapeleka hadi karibu 6 GHz kwa bendi ya C au 14 GHz kwa bendi ya Ku. Ya kushusha hufanya kinyume upande wa kupokea. Masafa, atenueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) na myuti, yaani kuzima pato, vyote huamriwa kwa mbali kupitia poti ndogo iliyo nyuma ya mtambo. Kiwango cha RS-232, cha kutuma data kwa siriali, yaani biti moja baada ya nyingine, kilitolewa mwaka 1960 na bado kimo kwenye raki zetu.

Nimeunganisha laptopu na konveta kwa RS-232 ya pini tisa. Natuma amri, kimya. Nilipobadilisha kebo nikapata majibu yenye herufi za ajabu zilizochanganyika na tarakimu zinazosomeka. Je, konveta imeharibika? (Fundi mitambo, Mwanza)

Konveta ni nzima, na kebo ya pili ndiyo yako. Usiifungue.

Tuanze na ule ukimya. Chukua maltimita, weka kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini 5. Upande wa laptopu pini 3 ndiyo inayotuma, na ikiwa imetulia huonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya −5 na −12. Pini 2 inapokea, kwa hiyo itakuwa karibu na sifuri. Chomoa kebo, kisha upime vivyo hivyo kwenye konveta. Ukikuta volti hasi kwenye pini 2, kebo nyoofu inatosha. Ukizikuta kwenye pini 3, wote wawili wanasemea waya mmoja na hakuna anayesikiliza. Hapo unahitaji kebo ya kupishanisha: 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, na 5 kwa 5. Ila soma kitabu cha mtambo kabla ya kuchomeka chochote, maana konveta nyingine hutumia konekta hiyohiyo ya pini tisa kwa RS-485 (kiwango kinachounganisha mitambo mingi kwenye jozi moja ya waya), na pini zake hazifuati mpangilio wa kompyuta.

Sasa zile herufi za ajabu. Tazama ni tarakimu zipi zinazosomeka. Kama 0, 3, 5, 6 na 9 zinatoka sawa lakini 1, 2, 4, 7 na 8 zinatoka vioja, ugonjwa tunaujua: konveta inatuma biti 7 zenye pariti shufwa (biti ya ukaguzi inayofanya idadi ya moja iwe shufwa), na laptopu imewekwa biti 8 bila pariti. Mipango yote miwili inachukua biti 10 kwa kila herufi ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo mpokeaji haoni kosa lolote la mpangilio. Anaichukua tu biti ya pariti na kuihesabu kama biti ya nane. Tarakimu 3 ina biti nne zenye moja, idadi shufwa, pariti yake ni sifuri, inapita salama. Tarakimu 1 ina tatu, pariti inakuwa moja, na badala ya 31 kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) unasoma B1. Badilisha mpangilio wa laptopu uwe 7E1 (biti 7, pariti shufwa, biti 1 ya kumalizia) na jambo limekwisha. Kama kila herufi ni takataka bila mpangilio wowote, hapo ndipo ushuku kasi: jaribu 9600, halafu 19200, halafu 1200.

Bado kuna mambo mawili. Konveta nyingi zikiachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa vitufe vya mbele hujibu maswali lakini hukataa amri za kubadilisha kitu, kwa hiyo iweke hali ya mbali kwanza. Na hakikisha amri yako inaishia na herufi inayotakiwa. Mitambo mingi inataka CR (alama ya kurudi mwanzo wa mstari), yaani 0D. Programu ikituma 0A (alama ya mstari mpya) peke yake, konveta itakaa inasubiri mwisho wa sentensi usiofika.

Kitabu cha konveta yetu kinasema mwisho wa ujumbe kuna baiti ya cheksamu (ya kukagua kama ujumbe ni mzima) inayopatikana kwa XOR. Nimehesabu kama kilivyoeleza, konveta haijibu. (Mwandishi wa programu, Nairobi)

Mara nyingi hesabu huwa sahihi. Kinachokosewa ni wapi ianze na wapi iishie. Chukua ujumbe mfupi wa mfano: anwani 1, amri M, alama ya kuuliza. Kwa heksadesimali ni 31 4D 3F, ukitanguliwa na 02 ya kufungua na kufungwa na 03. XOR (hesabu ya biti kwa biti: zikifanana ni 0, zikitofautiana ni 1) ya zile tatu za katikati ni 43. Ukiingiza na 02 unapata 41. Ukiingiza 03 bila 02 unapata 40. Ukiziingiza zote mbili, 42. Majibu manne kwa ujumbe mmoja, na vitabu vingi havisemi wazi ni lipi. Usibishane nacho. Nasa ujumbe mmoja unaotumwa na konveta yenyewe, au na programu ya mtengenezaji, kisha jaribu njia zote nne uone ipi inalingana.

Angalia pia kama baiti hiyo hutumwa kama ilivyo au kama herufi mbili, yaani "4" na "3". Na usitarajie ujumbe wa kosa. Konveta nyingi zikipokea cheksamu mbaya hunyamaza kabisa, na hilo kwenye waya wenye mitambo mingi ni adabu nzuri: anwani yenyewe huenda ndiyo iliyoharibika njiani, sasa nani ajibu?

Tuna konveta nane kwenye jozi moja ya RS-485, kebo ya mita 280 hivi. Mbili za mwisho hujibu mara moja kati ya tatu, na jibu huanza na herufi ya takataka. (Kituo cha utangazaji, Mombasa)

RS-485 inaruhusu hadi mita 1,200 kwa kasi ndogo, kwa hiyo urefu si tatizo. Tunashuku vizuizi vya mwisho. Panatakiwa viwili tu, vya omu 120, kimoja kila ncha ya kebo. Konveta nyingi zina kizuizi chake ndani chenye swichi ndogo, na aliyezifunga akiviacha vyote nane vimewashwa, laini inabaki na omu 15. Hakuna kisemeo kinachoumudu mzigo huo. Zima mitambo yote na upime omu kati ya waya mbili. Kwenye kebo fupi utaona 60. Kwenye mita 280 za waya mwembamba wa 24 AWG utaona karibu 70 ukipimia nchani, kwa sababu ya ukinzani wa waya wenyewe. Ukiona 120, kimoja hakipo. Ukiona 40 au chini, kuna vya ziada.

Herufi ya takataka mwanzoni ni kesi nyingine. Kila msemaji anapomaliza, laini inabaki bila mwenyewe, na mpokeaji akiona chini ya 200 mV kati ya waya hizo hana uhakika kama ni moja au sifuri. Kelele kidogo tu huisoma kama mwanzo wa herufi. Dawa ni kuivuta laini: kizuizi kimoja kutoka +5 V kwenda waya chanya na kingine kutoka waya hasi kwenda ethi, mahali pamoja tu. Kwa omu 680 unapata 211 mV, ambayo kwenye ncha ya mbali ya kebo yenu itashuka chini ya kiwango. Weka omu 560, upate karibu 250.

Hakikisheni pia kebo inapita mtambo hadi mtambo, si kila mmoja na tawi lake kutoka kwenye boksi la katikati. Na msiziamini herufi A na B zilizoandikwa nyuma ya mitambo. Kiwango kinaita B ule waya ulio chanya laini ikiwa imetulia, lakini watengenezaji wengi wa chipu wameziandika kinyume. Mtambo ukikataa kabisa kujibu, pindua waya zake mbili. Haungui.

Mwisho, msiulize haraka kupita kiasi. Swali la herufi 12 na jibu la herufi 20 kwa kasi ya 9600 huchukua milisekunde 33 kwenye waya, lakini konveta yenyewe inaweza kutafakari milisekunde 100 kabla ya kujibu. Programu ikishamuuliza wa saba kabla wa sita hajamaliza, wote wawili wanaongea pamoja. Kuziuliza zote nane kila baada ya sekunde mbili kunatosha sana.

RS-232 ya mita 60 hadi kwenye dishi, kwa kasi ya 9600: itaharibu kitu? (Kampala)

Urefu hauharibu kitu. Kanuni ya mita 15 ni ya zamani, na kiwango cha sasa kinahesabu kapasitansi isiyozidi pikofaradi 2,500. Kebo ya pF 100 kwa mita inaishia mita 25 kwa karatasi, ingawa kwa 9600 mara nyingi huvuka hapo bila shida. Kinachoharibu ni radi. Ethi ya dishi na ethi ya chumba cha mitambo hazilingani volti hata siku tulivu, na waya wa pini 5 unaziunganisha moja kwa moja kupitia poti yako. Ukanda wa Ziwa Victoria unajulikana kwa radi. Tumia RS-485 yenye kitenganishi cha umeme, au faiba, ambayo haijui ethi ni nini.

Kituo kiko mbali, mtandao wake ni wa setilaiti, na tumeweka kisanduku cha kugeuza siriali kuwa Ethernet. Ofisini programu ilifanya kazi vizuri. Sasa inasema hakuna jibu, ilhali konveta imebadilika kweli. (Kisangani)

Jibu linakuja, ila mmeondoka kabla halijafika. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni takribani robo sekunde, na amri pamoja na jibu lake ni nusu sekunde kabla ya kuhesabu modemu na konveta yenyewe. Programu iliyoandikwa mezani kwa subira ya milisekunde 300 haiwezi kufaulu. Wekeni sekunde 3.

Hatari iliyojificha hapo ni jibu lililochelewa. Programu imekata tamaa, ikatuma swali la pili, na jibu la kwanza ndilo linalopokelewa kama jibu la pili. Kuanzia hapo kila kitu kimesogea nafasi moja: umeuliza atenueta, umesoma masafa. Safisheni bafa (hifadhi ya muda ya baiti zilizopokelewa) kabla ya kila amri, na msikubali jibu lisilobeba anwani na jina la amri mliyotuma.

Kwenye kisanduku chenyewe kuna mpangilio wa herufi ya kukatia pakiti. Wekeni 0D, la sivyo kinaweza kutuma jibu vipandevipande, na programu inayosoma mara moja itapata "14312" halafu ".500" baadaye. Kiruhusiwe muunganiko mmoja tu kwa wakati. Na kisiwe wazi kwenye intaneti hata siku moja. Siriali haina nenosiri: anayeifikia poti hiyo anaweza kuwasha pato lenu saa nane za usiku na kumvurugia jirani kwenye setilaiti. Pitisheni kila kitu ndani ya VPN.

Lakini swali ambalo hamkuuliza ndilo zito zaidi. Kama kiungo mnachotumia kuiamuru konveta kinapita kwenye konveta hiyohiyo, mkiimyuti mmejifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Amri ya kuwasha haitafika, kwa sababu hata jibu la TCP halina njia ya kurudi. Wekeni modemu ya simu ya mkononi pale ambapo mtandao upo, uwe mlango wa nyuma. Pasipo na mtandao wa simu, wekeni kompyuta ndogo kituoni, iliyounganishwa na konveta moja kwa moja. Mnaipelekea mpango mzima, masafa na nguvu, inautekeleza yenyewe, halafu inasubiri neno la uthibitisho kwa sekunde 120. Lisipofika, inarudisha ya zamani. Ila jihadharini: kama mwenye setilaiti amekwisha kumpa mtu mwingine nafasi yenu ya zamani, kurudi huko ni kumwingilia. Katika hali hiyo mpango wa kurudi uishie kwenye myuti, na mtu apande gari.

Tunahamishwa kutoka 14,250 MHz hadi 14,312.5 MHz. BUC (kipandisha masafa kilicho kwenye dishi) ina osileta (kitoa masafa ya kuchanganyia) ya 13,050. Amri zifuatane vipi? (Dodoma)

Hesabu kwanza: 14,312.5 toa 13,050 ni 1,262.5 MHz, na hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye konveta yako ya bendi ya L. Mitambo mingine hukuruhusu kuandika masafa ya mwisho ukishaijulisha osileta, mingine haikuruhusu. Mingine hutaka kilohezi bila nukta. Jua yako ni ya aina gani.

Mpigie simu mwenye setilaiti, akiwa kwenye mstari ndipo uanze. Tuma myuti, kisha uliza hali ya myuti. Pandisha atenueta hadi mwisho, uliza. Badilisha masafa, uliza. Soma alamu inayoonyesha kama sintesaiza (kitengeneza masafa) imefunga kwenye masafa yake. Ndipo kwa ruhusa ya huyo aliye kwenye simu uwashe pato na kushusha atenueta desibeli moja moja, huku yeye akitazama.

Kuuliza baada ya kila amri kunaonekana usumbufu. Hapo hatulegezi. Jibu la "nimekubali" linasema amri imeeleweka, halisemi mtambo uko wapi. Konveta yenye hatua za 125 kHz ukiiomba 1,262.430 inaweza kukubali kwa heshima zote na kukaa kwenye 1,262.375, yaani 55 kHz nje ya nafasi. Kwa mchukuzi (wimbi linalobeba data) mwembamba hiyo ni nafasi ya mtu mwingine.

Wa bendi ya C wenye LNB (kipokezi cha dishini kinachoshusha masafa) ya osileta 5,150 wakumbuke kwamba kule masafa yanapinduka: 4,000 MHz inatokea kwenye 1,150, na ukipanda 10 kwenye setilaiti unashuka 10 kwenye kebo. Modemu nayo iambiwe kuwa spektra imepinduliwa.

Programu yetu inafuata mvua na kushusha atenueta ili nguvu isipungue. Baada ya miezi michache konveta inasahau mipangilio yake kila umeme ukikatika. (Mhandisi, Dar es Salaam)

Umeichosha kumbukumbu yake. Konveta nyingi huandika kila mabadiliko kwenye EEPROM ili yasipotee umeme ukikatika. EEPROM za aina ya zamani huhesabiwa kuvumilia mara 100,000, mpya hadi mara milioni. Programu inayotuma atenueta kila sekunde inaandika mara 86,400 kwa siku. Hesabu imejieleza.

Tafuta kwenye kitabu amri ya kubadilisha bila kuhifadhi, ipo kwenye baadhi ya mitambo. Isipokuwepo, usitume chochote hadi mabadiliko yafike desibeli 0.5 na yadumu sekunde 10. Siku kavu hutaandika hata mara moja.

Na kama mnapima mvua kwa bikoni ya kushuka (wimbi la kudumu linalotumwa na setilaiti), msihamishe namba ilivyo. Kwa makadirio, mvua hukata kwa uwiano wa mraba wa masafa: bikoni ya 11.45 GHz ikipungua desibeli 4, mchukuzi wa 14.25 GHz umepungua takribani 6. Wekeni dari isiyovukwa, la sivyo siku bikoni yenyewe ikizimika programu itadhani ni gharika na kumwaga nguvu zote.

Tuna konveta mbili, moja ya akiba, na swichi ya kubadilishana. Kompyuta iongee na nani? (Bujumbura)

Na swichi peke yake, kama swichi hiyo ndiyo inayoziuliza konveta kwa siriali. Mkiongeza kompyuta kwenye waya huohuo mna mabwana wawili na amri zinagongana. Kama swichi inasoma relei za alamu tu, kompyuta inaweza kuongea na konveta zote mbili, lakini kila badiliko liende kwa zote mbili, ya akiba kwanza. Relei hizo zifungwe upande ambao mtambo ukizimika umeme huhesabika kama alamu. Tumeona raki nyingi zilizofungwa kinyume, ambapo konveta iliyokufa kabisa inaripoti kuwa ni mzima.

Wekeni pia chaguo la kuamka ikiwa imemyuti. Umeme ukirudi, osileta ya rejea ya 10 MHz yenye joko huhitaji dakika kadhaa ipate joto, na kosa la sehemu 0.1 kwa milioni tu ni kilohezi 1.4 kwenye 14.25 GHz. Programu isome alamu ya rejea, isubiri dakika 15, ndipo iwashe pato.